Mkaja ni Nguo ya Nani?

Mwezi uliopita tulipata barua ya kijana mmoja wa Morogoro, ambaye jina lake tumeliacha kwa ombi lake mwenyewe. Kwao ni upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na riziki yake huipata kwa kununua ndizi na machungwa kwa wakulima wa milimani na kuyashusha mjini. Amechumbia binti wa watu wema, posa imepokewa, na wazee wa upande wa mke wamempelekea karatasi ya mambo anayotakiwa kuyatimiza. Katika karatasi hiyo mahari imeandikwa ya kwanza. Chini yake umeandikwa mkaja, kisha kilemba, kisha ubeleko. Mkaja peke yake umeizidi mahari mara tatu.

Kijana huyu aandika: "Nimewauliza wazee mkaja ni kitu gani. Mmoja akaniambia ni haki ya mama, wa pili akaniambia ni haki ya ukoo, na wa tatu akasema ni sharti la dini. Je, nisipoutimiza ndoa yangu itasihi? Na neno lenyewe maana yake nini?"

Hayo ni maswali mawili. Nasi katika mlango wetu huu wa maneno twapenda kuanza na lile la pili, kwani mtu akiisha kuijua maana ya neno, huwa amekwisha pata nusu ya jawabu.

Mkaja, wasomaji wetu wapenzi, ni nguo. Ni kitambaa kirefu ambacho mwanamke hujifunga kiunoni na tumboni, na khasa mwanamke aliyejifungua. Mama zetu walikuwa wakikichana katika merikani au katika kanga iliyokwisha kuwa laini kwa kufuliwa. Mzazi akiisha kuogeshwa maji ya moto na kukandwa, mkunga au mwanamke mtu mzima wa nyumba ile humzungushia mkaja tumboni na kuukaza, ili tumbo lililolegea lijikusanye na kiuno kirudishe nguvu zake. Siku zile arubaini za uzazi mkaja hufunguliwa na kufungwa, hufuliwa na kuanikwa, hata mama atakapotoka nje na mwanawe mkononi. Si vazi la pambo. Hakuna mwanamke aliyekwenda na mkaja wake harusini ili watu wautazame. Ni nguo ya chumbani, ijulikanayo na wanawake, na mwanamume huenda akaishi maisha yake yote asiitie machoni ila imo katika kamba inakauka.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno hili. Maana ya pili ni zawadi ambayo bwana harusi humpa mama wa bibi harusi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson imeziandika maana zote mbili pamoja, nguo na zawadi, kwani zote mbili zilikuwa zikijulikana sana na wasemaji wa lugha hii.

Je, njia gani imeitoa nguo ya mzazi ikaifikisha katika posa? Njia yenyewe si ndefu. Siku binti anapoposwa, mama yake huikumbuka siku aliyomzaa. Kijana aliyelelewa vema alikuja na nguo mkononi, na maana ya nguo ile ilikuwa kama kusema: "Mama, ulijifunga tumbo lako kwa ajili ya huyu unayenipa leo. Siwezi kukulipa uchungu ule, lakini naujua." Wahenga wamesema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkaja ulikuwa ni ungamo la kijana kwamba uchungu huo hakuwa nao yeye, na kwamba yuko mtu aliyeuona kabla ya yeye kuja kula matunda yake.

Tazameni sasa na yale maneno mawili yaliyoandikwa pamoja nao katika karatasi ya kijana wetu. Ubeleko, au mbeleko, ni nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Neno hili si la kuazimwa kwa Waarabu wala kwa Wahindi. Limetokana na kubeleka, yaani kubeba mtoto mgongoni, nalo ni neno la kale katika lugha za Kibantu: hata Washona walio mbali kusini husema kubereka, na Wazulu husema ukubeletha, kwa maana hiyo hiyo. Nalo pia likawa jina la zawadi ya arusi apewayo mama wa mke. Ama kilemba, kila mtu akijua: ni nguo izungushwayo kichwani, nayo ikawa jina la heshima apewayo baba.

Basi mkaja ni wa tumbo lililochukua mimba, ubeleko ni wa mgongo uliobeba mtoto, na kilemba ni cha kichwa cha nyumba kilichowaza watoto wale nini na walale wapi. Wazee wetu hawakuyatupa majina haya ovyo. Kila zawadi waliipa jina la nguo, na kila nguo ina mahali pake mwilini, na kila mahali pana mwenyewe. Hata mtu asiyejua kusoma alijua, kwa kulisikia jina tu, zawadi hii iende mkononi mwa nani.

Hapa msomaji atauliza: ikiwa ni nguo, mbona katika karatasi zimeandikwa fedha? Jambo hili nalo lina asili yake, na watu wa Morogoro ndio wapasao kulijua zaidi, kwani mji wao ulikuwa katika njia ya nguo.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima ya Uluguru. Hapo ndipo Kisabengo alipojenga mji wake wenye boma la mawe, na baada yake binti yake, Simbamwene, akautawala. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, aliustaajabia mji huo na milango yake ya mbao iliyochongwa, na wajumbe wa Simbamwene wakamfuata kambini kumdai hongo. Naye akajibu kwamba msafara wake uliotangulia umekwisha toa. Na hongo ya siku zile, ndugu zetu, haikuwa sarafu, ilikuwa nguo. Huko bara nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Kwa nguo mtu alinunua chakula, kwa nguo wapagazi walipewa posho yao, na kwa nguo watawala waliridhishwa ili njia ifunguliwe. Kipimo chake kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti.

Nguo iliyotangulia nyingine kwa sifa ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Baada ya Sayyid Said bin Sultan kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, wafanya biashara wa mji wa Salem waliileta kwa wingi Unguja, ikaitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kwisha mwaka 1865, viliikatiza biashara ile, na nguo za viwanda vya Uingereza na vya Bara Hindi zikaishika nafasi yake. Hata hivyo watu hawakuacha kusema merikani. Nchi ilibadilika, jina likabaki. Na doti vile vile: neno lilitoka kwa Wahindi, likawa kipimo cha biashara, na hivi leo mama akisema "nipe doti" huwa anataka kanga zake mbili.

Basi katika nchi ambayo nguo ni fedha, kumpa mama mkwe nguo kulikuwa ni mambo mawili kwa mara moja: ni kumvika, na ni kumpa mali. Kisha zikaja sarafu. Rupia za Wajerumani zilifuatwa na shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 Tanzania ikatoa shilingi yake yenyewe. Nguo ikarudi kuwa nguo tu, na fedha ikawa fedha. Lakini majina ya zawadi za harusi hayakurudi nyuma. Mkaja ukahesabiwa kwa sarafu, kisha kwa noti, na siku hizi hutumwa hata kwa simu. Nguo imetoka, jina limebaki.

Jambo hili halikuupata mkaja peke yake. Mwanafunzi wa ufundi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, na mzazi alimpa mwalimu wa chuo kilemba mwanawe alipohitimu Kur'ani. Hapo bado twakiona kichwa kinachostahili kuvishwa. Lakini siku hizi mtu akitaka chumba cha biashara mahali pazuri, hudaiwa kilemba kabla ya kodi. Nasi twauliza kwa upole: kichwa kiko wapi hapo? Neno likiisha kumpoteza mwenyewe, huenda likamdai mtu yeyote.

Na hilo ndilo linalotutia wasiwasi katika khabari ya mkaja. Tulipofika Morogoro baada ya kuipata barua hii, tulikaa barazani na mama mmoja mtu mzima wa huko milimani, aliyekwisha oza mabinti wanne. Tukamwuliza, "Mama, mikaja yako minne umeifanyia nini?" Akacheka, akaingia ndani, akarudi na kanga moja iliyokunjwa, rangi zake zimekwisha fifia. Akasema, "Mkaja wa binti yangu wa kwanza ni huu. Aliniletea doti, moja nimeivaa hata ikaisha, na hii nimeiweka. Mikaja mitatu iliyofuata ilikuwa fedha. Niliisikia ikihesabiwa sebuleni."

Hakusema kuwa ameibiwa, wala hakumtaja mtu kwa ubaya. Hwenda fedha zile zilinunua mchele wa karamu, hwenda zililipa deni la nyumba ile ile anayokaa. Lakini neno lake "niliisikia" halijatutoka moyoni. Tumbo ni lake, uchungu ulikuwa wake, jina la zawadi lamtaja yeye, na mwisho wa yote yeye ndiye mtu pekee wa nyumba ile ambaye mkaja haukumgusa mwilini wala mkononi.

Nalo ni jambo la kustaajabisha zaidi likitokea Uluguru. Waluguru ni watu ambao kwao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, uitwao lukolo. Jina la ukoo hufuata tumbo, na mashamba ya ukoo yalifuata tumbo. Mjomba ana sauti kubwa katika posa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba yeye na mama wametoka katika tumbo moja. Sasa ikiwa mjomba amepata sauti yake kwa sababu ya mama, haifai sauti hiyo imnyamazishe mama katika kitu kilichoitwa kwa jina la nguo yake.

Tumefika sasa kwenye swali la kwanza la kijana wetu: je, ndoa husihi pasipo mkaja?

Husihi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu pwani na bara twayafuata, nguzo za ndoa ni mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kukubali. Mkaja haumo, kilemba hakimo, ubeleko haumo. Ama mahari, hiyo ni mlango mwingine kabisa. Mahari ni haki ya mke aliyopewa na Mwenyezi Mungu, na Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na kwamba mume asile humo ila kile ambacho mke mwenyewe amemwachia kwa radhi ya moyo wake. Hata isipotajwa katika akdi, mke hubaki na haki ya mahari ya wanawake walio mfano wake. Tazameni tena na neno: mahari ni Kiarabu, mahr, wala si jina la nguo ya mama, wala ya baba, wala ya mjomba. Mwenyewe ni bibi harusi.

Sheria ya nchi nayo haikusema vingine. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 41, imeeleza kuwa ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu desturi za mahari au za kupeana zawadi hazikufuatwa.

Basi yule mzee wa tatu, aliyemwambia kijana kuwa mkaja ni sharti la dini, ameteleza. Hwenda amesema hivyo kwa kuipenda desturi, lakini mapenzi ya desturi hayampi mtu ruhusa ya kuizidisha dini. Na aliyemwambia kuwa ni haki ya ukoo, neno lenyewe limemkadhibisha, kwani ukoo hauna tumbo la kufungwa. Aliyesema kweli ni wa kwanza: mkaja ni wa mama. Nao ni wake kwa ihsani na shukrani, si kwa deni la kuzuia ndoa.

Hapa yafaa tukumbushane khabari aliyoipokea Sahl bin Saad, Mungu amuwie radhi, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alitaka kuoa, Mtume (S.A.W.) akamwambia atafute cha kumpa mke, hata ikiwa pete ya chuma. Mtu yule akatafuta, asipate, akasema hana ila ile shuka aliyoivaa. Mtume (S.A.W.) akamwonyesha kwamba shuka moja haiwezi kuwasitiri wawili: akiivaa yeye, mke hana kitu, na akiivaa mke, yeye hana kitu. Mwisho akamwoza kwa ile Kur'ani aliyoihifadhi. Mtume wetu hakukubali kijana avuliwe nguo yake ili apate mke. Sisi leo twaandika majina ya nguo katika karatasi, tukawavua vijana wetu mpaka ile ya mwisho, na wakichoka kusubiri tukawalaumu kwa yale wanayoyafanya gizani. Hatusemi kijana akitumbukia katika haramu amepata udhuru. La. Lakini aliyeufunga mlango wa halali naye ataulizwa.

Wako watakaosema, "Basi mkaja na uondoke, kwa kuwa haumo katika dini." Nasi hatukubaliani nao. Kumshukuru mama kumo katika dini tena sana. Kur'ani, katika Sura ya Luqman, aya ya 14, imetukumbusha jinsi mama alivyomchukua mtoto katika udhaifu juu ya udhaifu. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Desturi ambayo yamkumbusha kijana, siku ya furaha yake, kwamba mkewe alizaliwa kwa uchungu, ni desturi njema, na mwacha asili ni mtumwa. Kosa si mkaja. Kosa ni kuupandisha bei hata ukawa ukuta, kisha kuutoa mkononi mwa mama.

Kwa hivyo twawanasihi wazee wa posa, na khasa wajomba: iandikeni mahari peke yake, katika karatasi yake, na jina la binti juu yake. Zawadi za wazazi zisizidi mahari, wala zisiwe sharti la kufunga akdi. Kile ambacho walii hukiwekea sharti kwa nafsi yake, wanavyuoni wamekijadili kwa urefu, na mwenye shaka amwulize sheikh wake kabla ya siku ya ndoa. Na mkaja ukija, uwe ni nguo au ni fedha, upitisheni moja kwa moja hata chumbani kwa mama. Yeye akipenda kuutia katika karamu, ni hiari yake na ni ukarimu wake.

Nanyi akina mama, msiache kuwasimulia mabinti zenu na wana wenu wa kiume neno hili. Mwanamume asiyejua mkaja ulifungwa wapi na kwa sababu gani hawezi kujua anashukuru nini.

Na wewe kijana wetu wa Morogoro, usigombane na wazee, wala usiwasomee barua hii kama hati ya mahakama. Nenda na mtu mzima wa kwenu mwenye ulimi laini, mwambie aseme: mahari tumeipokea, nayo ni haki ya binti, tutaitimiza. Mkaja nao hatuukatai, ila twaomba tuulete kwa kadiri ya uwezo wetu, na twaomba tuupeleke wenyewe kwa mama. Kisha panda milimani na doti ya kanga nzuri, na fedha kidogo zilizofungwa katika pindo kama utajaaliwa. Umpe mama mkwe wako kwa mikono miwili. Yeye atajua ni nguo gani uliyomletea, hata kama hutalitaja jina lake.

Mwenye neno la kale la mavazi ambalo angependa tulitafute asili yake, atuandikie. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu sitara na mapenzi.

Wabillahi tawfiq.